Chumba cha hoteli Tanga: mtandaoni, kwa wakala, au unapiga tu simu?

Dada wa Mapokezi (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite zake.

Nafanya kazi mapokezi hapa Tanga, upande wa Raskazone. Jina la hoteli silitaji, msinifuate pembeni kuuliza. Kila nikipita humu nakuta watu wanabishana: mmoja anasema kuweka nafasi mtandaoni ndiyo mpango mzima, mwingine anasema wakala ndiyo salama. Wanabishana kana kwamba njia ni hizo mbili tu. Mimi nikifungua kitabu changu cha wageni naona njia ya tatu inazifunika zote. Mtanzania anaikuta hoteli mtandaoni, anakagua picha, anasoma wageni waliopita walilalamikia nini, kisha anasaka namba na kupiga. "Dada, dabo yenye kiyoyozi mnaitoaje? Hiyo ya mtandaoni achana nayo, nipe bei ya mwenyeji." Mtandao kwake ni dirisha la duka, kaunta ni simu.

Na hesabu yake hajakosea. Tovuti hizi haziuzi chumba kwa hisani. Booking.com, Waholanzi walioanza mwaka 1996, kamisheni yao inazunguka kwenye asilimia 15, na hoteli ikitaka isogezwe juu kwenye orodha inakubali kukatwa zaidi. Chumba kilichoandikwa 100,000, hoteli inabaki na 85,000. Sasa wewe ukipiga ukaomba 90,000, meneja akikubali wala hajakufanyia wema. Yeye kazidisha 5,000, wewe umeokoa 10,000, mnaagana mkicheka. Wengi hawajui pia kwamba ukichagua kulipia hotelini, tovuti haijashika hata senti yako. Unalala, unalipa kwetu, halafu baadaye hoteli ndiyo inaletewa ankara ya kamisheni.

Ila bei ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni woga, na woga wenyewe una sababu. Hii ni nchi ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Mtu aliyezoea kukwepa meseji hizo, tovuti ikimwomba tarakimu 16 za kadi na zile tatu za nyuma, anaona ni tapeli yule yule kajifunza Kiingereza. Kwenye simu anasikia sauti ya mtu. Anasikia ninavyoitwa jikoni, anasikia sahani zinagongana. Akiambiwa atume advansi kwa lipa namba, kabla hajaweka namba ya siri linamtokea jina la biashara. Likiwa la hoteli anaendelea. Likitokea la fulani bin fulani anasitisha, anapiga tena kuuliza. Ukaguzi huo mdogo unampa amani ambayo hakuna alama ya kufuli kwenye kivinjari itakayompa.

Sasa upande wa pili, msije mkasema nawapigia debe watu wa simu. Mgeni wa tovuti akiingia saa tano usiku kutoka stendi ya Kange, ana namba ya uthibitisho. Aina ya chumba imeandikwa, chai imo au haimo imeandikwa, bei imeandikwa. Nikimwambia chumba hakuna, mwenye kesi ni mimi: nimtafutie kwingine, na tovuti itatuuliza. Mgeni wa simu anaingia na sentensi moja, "Niliongea na dada mmoja hapa." Dada yupi? Zamu zimebadilika, aliyepokea simu kalala kwake Mikanjuni, na hakuandika popote. Nafasi zikiwepo tunacheka. Lakini kukiwa na semina ya wizara, au kampuni za mradi wa bomba la mafuta (lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa kwetu) zimeshika ghorofa nzima kwa mwezi, huyo anarudi kwenye bajaji na begi lake.

Wakala je? Kwa chumba kimoja cha usiku mmoja hapa mjini kazi yake siioni. Wageni wa mawakala tunaowapokea karibu wote ni Wazungu wanaokwenda Pangani au wanaoshuka kutoka Lushoto. Mtanzania aliyeletwa na wakala mjini Tanga ni nadra. Mawakala mliomo humu mnisahihishe.

Haya, hela yako ya chumba unaipitisha wapi, na kwa nini hapo?

Mgosi Mkavu

Tanga ni waja leo waondoka leo. Hoteli ya nini tena? Nakaa pembeni nisome.

Mama Naima

Dada umenisema mimi mtupu.

Niongezee kuhusu kusoma maoni ya wageni. Waliotoa kumi siwasomi, hao wengine wako fungate, hata rangi ya ukuta hawakuiona. Nawatafuta waliotoa sita na saba. Hao ndio watakaokuambia maji yanakatika saa nne usiku, jenereta liko chini ya dirisha, wali unangojewa saa moja na nusu. Natazama na tarehe: lalamiko la miaka mitatu nyuma naliacha, la mwezi uliopita nalibeba. Halafu mkumbuke sisi na Wazungu hatulalamikii mambo yale yale. Mzungu anakata alama kwa sababu ya adhana ya alfajiri na watoto wanaopiga kelele ufukweni. Kwangu hizo si kasoro. Ila hakuna hata mmoja wao atakayeandika kama jikoni watakupashia uji wa mtoto, au kama wanakubali uingie na chakula chako. Hapo lazima upige.

Na watoto wenyewe. Tovuti ukiijazia umri wao, bei inapanda mbele ya macho yako au inakulazimisha vyumba viwili. Kwa simu nasema "nina wawili wadogo, tutajibana", naambiwa njoo mama, tutaongeza godoro.

Mzee wa Begi

Mnasahau wakala mkubwa kuliko wote Tanga: dereva wa bajaji wa Kange. Unashuka kwenye basi la Dar, kilomita mia tatu na ushee ziko mgongoni, hujui pa kulala. Unamwambia "nipeleke gesti safi, isiwe ya kelele". Anakutazama viatu na begi, ameshajua mfuko wako. Anakupeleka moja kwa moja, anaingia na wewe mpaka kaunta, anamkonyeza mhudumu, na kesho yake anapitia chake. Hana tovuti wala leseni, na mimi hajanikosea bado. Chumba nakiona kwa macho kabla sijalipa. Nafungua bomba, nawasha feni, nabonyeza godoro, nanusa shuka. Picha gani itakupa harufu ya shuka?

Dada wa Mapokezi

Mzee wa Begi umefichua siri za watu. Ni kweli, gesti nyingi zinampoza dereva aliyeleta mgeni, na hoteli kubwa nazo zina madereva wao. Kwa hiyo hata huko kamisheni ipo, tofauti ni kwamba hukuiona kwenye skrini. Ila jaribu njia hiyo wiki ya semina uone utakavyozungushwa Chumbageni, Ngamiani mpaka Makorora, na nauli inahesabika.

Wakala wa Pwani

Dada wa Mapokezi, kwa mjini sina cha kukusahihisha. Mteja akinitafuta kwa chumba kimoja Chumbageni namwambia apige hotelini mwenyewe, nikiweka changu juu namwonea.

Kazi yangu inaanzia nje ya mji. Chukua Pangani, kilomita kama 50 kusini. Mtu anaona tovuti imeandika Pangani, anabofya, analipia. Hajui kwamba mto umeikata wilaya. Kuna hoteli za kaskazini, upande wa Kigombe na Mkoma, na kuna za kusini kule Ushongo, ambako lazima uvuke kwa kivuko hadi Bweni kisha uendelee na gari. Kwenye ramani ya simu zote ziko pwani moja, zimepangana vizuri. Mtu anafika mjini Pangani magharibi inaingia, ana mabegi na watoto, ndipo anaambiwa hoteli yake iko ng'ambo.

Baada ya hapo anataka kwenda Maziwe. Kisiwa kile zamani kilikuwa na miti, leo ni kichanga kitupu, na maji yakijaa kinamezwa. Ukienda saa mbaya unakuta bahari. Saa ya kupwa inasogea kila siku. Wakati wa bamvua (mwezi mpevu au mwandamo, bahari inapopwa sana) mchanga unatoka mpana mnakaa mnakula, siku za maji mafu hautoki vile. Kwa hiyo nahodha, hoteli na kivuko inabidi wapangwe pamoja. Na kama kuna siku ya Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, hapo tena kuna gari, kiingilio na lango. Tovuti imekuuzia kitanda. Haijui mwezi uko wapi angani.

Kuhusu bei, wengi mnaamini wakala anabandika chake juu ya bei mliyoiona. Hoteli nyingi za watalii zinatupa bei ya neti, iko chini ya ile ya ukutani, na riziki yetu imo katikati. Ndiyo maana mara nyingine unalipa kwangu sawasawa na mtandaoni. Kisha kuna jambo ambalo tovuti hailiwezi kabisa: kudunduliza. Nina walimu wananilipa kidogo kidogo kwa safari ya Desemba. Tovuti gani itakupokelea elfu ishirini leo na elfu kumi na tano mwezi ujao, na mwezi wa ada ikakuvumilia?

Nazungumzia wakala mwenye leseni lakini. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka awe nayo. Mwambie akuonyeshe ya mwaka huu, siyo iliyofifia ukutani.

Jicho la Fisi

Wakala, umeongea vizuri kama mnavyoongea wote kabla mtu hajalipa.

Sisi tulikuwa na harusi Lushoto. Tukampa mtu wa Dar, mwenye ofisi na kalenda ya simba ukutani, atushikie vyumba. Hela ikatoka yote. Tunafika, ukungu umeshuka, mama mkwe anatetemeka kwenye khanga, mapokezi wanasema jina la wakala wanalijua na vyumba aliviomba kweli, ila malipo hakuleta, wakaviachia. Kupigiwa, anasema ni benki. Jioni anasema ni mfumo. Asubuhi hapatikani. Jina silitaji, mambo yako mbali.

Tangu hapo wakala yeyote akiniambia chumba kimeshikwa, napiga hotelini mwenyewe siku hiyo hiyo. Jina langu lipo? Limelipiwa, au limeombwa tu? Ni mambo mawili tofauti, na mawakala wengi wanaishi katikati yake.

Wakala wa Pwani

Mwaminifu hawezi kununa kwa hilo. Mimi mteja nampa namba ya hoteli na jina la aliyenithibitishia. Anayekuficha hoteli mpaka siku ya safari, kuna kitu anakiogopa. Na kilichowapata ni hivi: hoteli inapompa wakala vyumba vya kushika, inaweka na tarehe ya mwisho ya kulipa. Ikipita, vyumba vinarudi sokoni bila kuulizana. Hela yenu huenda alizibia safari ya watu wengine. Ugonjwa huo upo kwenye kazi yetu, siwezi kuuficha.

Mtoto wa Ngamiani

Nawasoma kutoka Leicester, Uingereza. Huku ukipiga simu hotelini kuulizia bei wanashtuka, wanakuelekeza kwenye tovuti.

Lakini msidhani huku wakala amekufa. Thomas Cook alianza kusafirisha watu mwaka 1841, na kampuni iliyobeba jina lake ikaanguka Septemba 2019. Watu wakasema basi, mawakala wamekwisha. Mimi nililoliona ni lingine. Serikali ya Uingereza ilikodi ndege ikarudisha nyumbani watu kama 150,000 waliokuwa likizoni. Na waliokuwa wamelipia safari ya pamoja, ndege na hoteli, lakini hawajaondoka, walirudishiwa hela zao kupitia mpango wa kinga unaoitwa ATOL. Aliyejipangia mwenyewe, ndege huku na hoteli kule, hakuwa na mwavuli huo. Kwa hiyo mzee wa Kiingereza akiingia kwa wakala hafuati ushauri tu, anafuata kinga. Sasa Bongo wakala akianguka, nani anakurudishia? Hapo Jicho la Fisi ana haki ya kununa.

La pili ni la mama yangu. Nilimwekea nafasi mtandaoni, nikalipa kwa kadi yangu, aende kupumzika baada ya kufanyiwa operesheni ya macho. Hoteli haikuwa ya Tanga, na siitaji. Anafika, wanataka aonyeshe kadi iliyolipa. Kadi iko Leicester, mfukoni mwangu! Mama kasimama kaunta na mkoba wake, miwani nyeusi usoni, anashikishwa simu aongee na mimi nikiwa kazini. Kumbe hoteli nyingi zina utaratibu huo kwa kuogopa kadi za wizi. Mnaotaka kuwalipia wazazi, iandikieni hoteli mapema: jina la mgeni liwe la mzazi, na wajibu kwa maandishi kwamba kadi haitadaiwa.

Na kuhusu bei ya simu kuwa chini: zamani mikataba ya tovuti ilikuwa inaibana hoteli isitangaze bei iliyo chini ya ile ya kwao. Ulaya hilo limepigwa vita. Mwaka 2024 Uhispania waliitoza Booking.com faini ya yuro milioni 413 kwa namna ilivyozibana hoteli, na mwaka huo huo sharti hilo la bei likaondolewa katika nchi za Umoja wa Ulaya. Bei mnayoambiana na Dada kwa simu, hata hivyo, hakuna tovuti iliyowahi kuisikia.

Afisa Masurufu

Mnaongea mambo ya likizo. Sisi wa safari za kikazi, anayetuchagulia njia ni mhasibu. Nimpelekee karatasi ya tovuti imeandikwa yuro, juu ina anwani ya Amsterdam, aniulize hii ni risiti au kadi ya mwaliko? Anataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la ofisi, na kabla ya hapo profoma, yaani ankara ya awali. Napiga hotelini, profoma inakuja kwa WhatsApp, nalala, risiti mkononi, nafunga masurufu. Mtandao sina ugomvi nao, ila haunilipii posho.

Kijana wa Makorora

Mimi Booking.com naijua kwa kazi moja: viza ya Schengen. Unashika chumba Paris, kile cha kughairi bure, unachapa karatasi, unapeleka ubalozini. Viza ikitoka au isipotoka, unaghairi. Nina jamaa kashika vyumba Ulaya nzima na hajawahi kuvuka hata mpaka wa Horohoro kuingia Kenya.

Dada wa Mapokezi

Kijana wa Makorora umenichekesha mpaka meneja kageuka.

Lakini mchezo huo unatufikia na sisi. Wapo wanaoshika chumba hoteli tatu kwa usiku mmoja, wakifika mjini ndipo wanachagua, na hoteli mbili zinabaki zimewawashia taa. Ndiyo maana mkipiga simu tunadai advansi, msione tuna roho mbaya. Na ndiyo maana mtandaoni chumba cha hela isiyorudi kiko chini: hoteli inanunua uhakika wako. Kama safari yako inategemea ruhusa ya bosi, usikiguse hicho. Chukua cha kughairi bure na usome saa ya mwisho ya kughairi, mara nyingi ni saa za hapa hotelini, siyo za huko uliko.

Yale maneno "vimebaki vyumba viwili" yasikutoe jasho. Ni viwili tulivyoipa tovuti hiyo. Vingine tunavyo hapa, tunawangojea watu wa simu.

Kinachonitisha siku hizi ni kingine. Wahalifu wanaiba nywila ya akaunti ya hoteli, wanaingia, halafu wanawaandikia wageni ndani ya programu ile ile waliyowekea nafasi: kadi yako imegoma, ithibitishe kwenye kiungo hiki haraka usije ukapoteza chumba. Jina lako wanalo, tarehe wanazo, bei wanaijua. Nani asiamini? Imewapata wageni wa nchi nyingi. Ukiona meseji ya hivyo usibofye chochote, piga hotelini. Na zile za kienyeji za "tuma kwenye namba hii" zirushe 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Mwenye Loji, Kusini mwa Mto

Dada, hesabu yako ya 85,000 ni sahihi, ila hujakaa kwenye kiti changu. Mjerumani aliyeko Munich hawezi kunipigia, kwa sababu hajui kama nipo duniani. Ile asilimia ndiyo tangazo langu. Bango la barabarani pale Muheza lingenila hela kabla halijaleta hata mgeni mmoja. Tovuti inanidai mgeni akishalala. Wazungu wanakuja nayo Julai, Agosti, Desemba. Masika yakiingia, Aprili na Mei, wanapotea wote, na hapo naishi kwa simu za Watanzania: kitchen party, vikao vya ukoo, vijana wa kwaya. Siwezi kumdharau yeyote kati yao.

Kinachogombanisha watu kaunta kwangu ni dola. Mtu kaona dola kwenye tovuti, kaja na shilingi, tunaanza kubishania kiwango cha siku. Tangu kanuni za Machi 2025 zilizozuia bidhaa na huduma za ndani kutajiwa bei kwa fedha za kigeni, mimi ukutani nimeandika shilingi tu. Kwenye tovuti chagueni shilingi pia, lakini mkumbuke hiyo ni hesabu yao ya kubadilisha, inaweza isilingane na ya kwangu kwa elfu kadhaa.

Na jamani, ulizeni kama VAT ya asilimia 18 imo. Ile bei ya simu ya "bila risiti tutakupunguzia" siyo punguzo, ni kodi imerukwa. Siku godoro likikutoa vipele, utakwenda kulalamika na karatasi gani?

Mgosi Mkavu

Hapo kwa bila risiti kuna watu wamekohoa.

Mama Naima

Ngoja nifaidi uzi huu. Desemba, baada ya Krismasi, tuko tisa: watoto wanne, na bibi mmoja ambaye magoti yanamsumbua. Ushongo siku tatu, tukirudi tulale Tanga mjini usiku mmoja. Nianzie wapi?

Wakala wa Pwani

Wiki hiyo ndiyo ngumu kuliko zote pwani yetu, usiende kwa kubahatisha. Mtandao utumie kuchagua sehemu mbili tatu. Kisha kama unajipangia mwenyewe, ziandikie kwa WhatsApp badala ya kupiga tu, maneno yabaki: vyumba vingapi, watoto umri gani, chai imo, mwisho wa kulipa lini. Ukiona kivuko, gari na boti vinakuzidi, mpe mwenye leseni yeyote, si lazima mimi. Bibi asipandishwe boti ya Maziwe. Kule hakuna gati, unashukia majini mpaka mapajani.

Mwenye Loji, Kusini mwa Mto

Na uliza chumba cha bibi kiko umbali gani kutoka sehemu ya kulia chakula. Banda nyingi huku zimesimama juu ya mchanga, kwenda na kurudi ni kutembea mchangani mara tatu kwa siku. Magoti hayapendi. Sisi huwa tunampelekea mzee chakula barazani kwake, ila useme mapema, jikoni wajipange.

Jicho la Fisi

Mama Naima, vuka kivuko mchana. Usikubali mtu akuambie "tutafika tu".

Dada wa Mapokezi

Usiku wa mjini usikuumize kichwa. Wiki hiyo semina za wizara hakuna, vyumba vipo, na kwa watu tisa una nguvu ya kuomba bei. Piga hoteli mbili, taja kwamba ni vyumba vinne, halafu nyamaza usikie wanashuka hadi wapi. Chumba cha bibi omba cha chini. Kila mtu mzima aje na kitambulisho, kitabu cha wageni kinadai. Watoto tunaandika umri tu.